Kringle ya siagi kwenye jiko la nyumbani Aarhus, Denmark: shajara ya mradi

Januari, Jumamosi

Mradi wa baridi ya mwaka huu ni kringle ya siagi, smørkringle wenyewe wanaita, ile kubwa ya kukata vipande, ndani ina remonsi (siagi na sukari vilivyopondwa pamoja) na zabibu kavu, juu lozi za kukatakata na sukari. Donge lake ni lile lile la wienerbrød zote (vile vitafunwa vya tabaka vya Denmark, jina maana yake mkate wa Vienna), kwa hiyo ukishalimudu hilo moja una kringle, una spandauer (za mraba zenye kastadi au jemu katikati), una zile ndefu za kukata, una za kuviringisha za mdalasini, ni wewe tu na kisu chako. Naandika kila nikioka maana vipimo vikibaki kichwani vinapotea, af kuna watu wa nyumbani wameshaanza kuulizia.

Kwa asiyejua, hiki kitu hakikuanzia Denmark moja kwa moja. Mwaka 1850 wafanyakazi wa bekari waligoma, wenye bekari wakaleta waokaji wa kutoka nje wakiwemo wa Austria, wale wakaja na mikunjo yao ya donge na mafuta. Mgomo ukaisha, waokaji wa Denmark wakarudi kazini wakaikuta ile staili, wakaichukua wakaongeza siagi na mayai mpaka ikawa yao. Jina likabaki la Vienna, mji mkuu wa Austria, wakati kule Vienna kwenyewe ukitaka kitu cha namna hii unaagiza kwa jina la Copenhagen, yaani kila mmoja anamsukumia mwenzake.

Vipimo vya kuanzia: unga wa ngano gramu 500, maziwa baridi desilita 2 na nusu, yai 1, sukari gramu 50, chumvi kijiko 1 cha chai, hamira mbichi gramu 25 (nusu ya kile kipande kidogo cha gramu 50 kinachouzwa supamaketi zote hapa), iliki, na siagi ya kukunjia gramu 350. Ndiyo, mia tatu na hamsini. Dada yangu yuko Tanga nilimtumia picha ya ile siagi iko juu ya mizani, akajibu kwa voisi, "mdogo wangu hiyo siagi mi natumia toka Ramadhani mpaka Idi kubwa, si ukaange mahamri tu ule ulale?"

Iliki ndo yake yeye, alinipa nzima kwenye maganda. Wadenmark nao wanaweka iliki kwenye donge hili, sio kitu nimeleta mimi, ila nyingi utakayoipata dukani imeshasagwa na imekaa, harufu imebaki kidogo. Nimemenya punje nikazitwanga hapo hapo, nusu kijiko cha chai inatosha kabisa, ukizidisha unakula mahamri yenye siagi nyingi, na dada atakuwa ameshinda.

Jumapili

Kazi ya leo ni kukunja tu, hakuna kujaza kitu.

Donge lenyewe halitaki kukandwa sana. Kila kitu kiwe baridi, maziwa yametoka friji, yai limetoka friji, hamira unaivunjavunja kwenye maziwa hivo hivo, mtu aliyezoea maandazi anaona kama unamdanganya maana tumezoea maji ya uvuguvugu ili hamira iamke. Hapa hutaki iamke. Ukikanda likashikana likawa laini, basi, lifunge ulitupe friji nusu saa.

Siagi unaiweka katikati ya karatasi mbili za kuokea unaigonga na msukumio mpaka iwe bapa ya mraba, kama sentimita 20 kwa 20. Hapa ndo pa kukaa na kuangalia vizuri. Ikitoka friji moja kwa moja ni ngumu, ukiikunja inakatika kama chaki, na ikikatika hivo ndani ya donge unapata vipande vipande vya siagi badala ya shuka moja, hamna tabaka tena hapo. Ikiwa laini sana inaingia kwenye unga unabaki na mkate wa siagi. Unachotaka ni kipande ukikishika pembe mbili ukakipinda kinapindika bila ufa, na kidole kikibonyeza kinaacha alama ila hakizami. Kwa themometa ni kama nyuzi 13 mpaka 16. Na donge liwe na ugumu huo huo, vyote viwili visukumike pamoja, hiyo ndo siri yote na wala sio siri.

Af ni sukuma, kunja mara tatu kama barua, friji nusu saa, geuza robo, sukuma tena, kunja, friji, mara ya tatu kunja, friji. Tatu, tisa, ishirini na saba. Tabaka 27 za siagi. Ukishawahi kutengeneza chapati za tabaka, zile unapaka mafuta unakunja unaviringisha ndo unasukuma, mkono unaielewa kazi hii mapema kuliko akili, tofauti ni kwamba chapati inataka mafuta yaliyoyeyuka na huyu anataka siagi iliyo hai. Siagi ina maji ndani yake, kama asilimia 16 hivi, na hayo maji ndo yanageuka mvuke kwenye oveni yanainua kila tabaka, hamira nayo inasukuma kwa upande wake. Siagi ikishayeyukia ndani ya donge kabla ya oveni hamna cha kuinuliwa.

Baridi ya Aarhus imenisaidia. Nimezima hita ya jikoni tangu asubuhi, na friji ikijaa naweka sinia kwenye kibaraza cha nje, huko ni nyuzi 2 au 3 tu.

Siagi zile laini za kopo ambazo zinapakika zikitoka friji tu usiziguse kwa kazi hii, zimechanganywa na mafuta ya rapa na haziwezi kushika umbo. Chukua siagi ya kipande, yenye chumvi au isiyo na chumvi yote sawa, ukichukua ya chumvi punguza ile ya kwenye donge.

Jumatano usiku

Nimekata donge la Jumapili vipande nikaoka matupu, bila chochote ndani, nione tabaka zimekaaje. Zimeinuka, ukivunja unaona kabisa utando utando. Nyuzi 210, dakika 14, oveni ya moto wa juu na chini bila feni. Feni inakausha nje haraka kabla ndani hakujamaliza kupanda, mi naizima.

Ila ukweli, kutafuna kitupu hivi ni kama umekula nusu ya kitu. Ukisoma mapishi ya mtandaoni watu wote wanahangaika na tabaka, mara 27 mara 36, picha za kitu kimekatwa katikati, na kwenye cha kujazia wanakupa mstari mmoja, "paka remonsi". Mi naona kazi kubwa iko hapo kwenye mstari huo mmoja.

Jumamosi

Remonsi. Kwenye mapishi yao imeandikwa remonce, na ni siagi na sukari vimepondwa pamoja, kiasi sawa kwa sawa, basi. Wengi wanaongeza marzipani (lozi zilizosagwa na sukari), nayo sawa kwa sawa, gramu 100 kila kimoja. Wengine wanaweka mdalasini, wengine vanila.

Nimegawa donge mafungu matatu nikatengeneza vijiti vifupi vya kufunika pande mbili, kila kimoja na cha ndani chake, vyote treyi moja ili oveni isije ikalaumiwa.

Kijiti cha kwanza siagi na sukari tu. Ndani ya dakika 8 nimechungulia, pembeni inatokota kama sharubati, imetoka mwishoni kwenye ncha mbili ikasambaa kwenye karatasi, ikawa karameli, kisha ikawa nyeusi. Kipande kilichobaki ndani kitamu sana usiniulize, ila kimebaki kidogo na chini pamekuwa pagumu pa kunata meno.

Cha pili siagi, sukari na marzipani sawa kwa sawa. Kimetoka kidogo tu kwenye ncha. Zile lozi zilizosagwa zinashika siagi inapoyeyuka, zinainywa, kwa hiyo inabaki mahali pake inakuwa kitu laini chenye punje punje. Marzipani chukua ile ya kuokea ambayo zaidi ya nusu ni lozi, kuna ya kupambia keki ambayo ni sukari tupu imevaa jina, haina msaada.

Cha tatu marzipani nyingi, siagi kidogo, nikiwaza kwamba hakitavuja kabisa. Hakikuvuja. Kimekuwa kikavu, kimekaa kama gogo katikati, donge kivyake chenyewe kivyake. Siagi ya ndani lazima iyeyuke iingie kwenye tabaka za karibu, ndo maana ukila wienerbrød nzuri kuna sehemu katikati hujui kama ni donge au ni cha ndani, ile sehemu ya unyevunyevu ambayo watu wanaigombania. Kwa hiyo sawa kwa sawa inabaki, waliotangulia walikuwa wanajua.

Ghorofa ya chini kuna mama mtu mzima, alifanya kazi bekari miaka mingi kabla hajastaafu. Hapa kila mtu unamwita jina lake kavu hata awe na umri wa bibi yako, na mi mdomo bado mzito, ikifika kwake najikuta nasema samahani tu badala ya jina. Nilimshushia vipande vitatu kwenye sahani. Alivunja kila kimoja, akanusa, akakiangalia chini kabla hajaangalia juu. Akasema cha pili ndo chenyewe, ila napaka nyingi, na naacha remonsi ifike mpaka mwisho wa donge, niache sentimita 2 kila ncha bila kitu halafu niibane. Na zabibu niziroweke maji ya moto kwanza nizikaushe vizuri, kavu zinanyonya unyevu wa remonsi, na zile zinazochungulia nje zinaungua zinakuwa chungu.

Jumapili

Spandauer, kwa sababu donge lilibaki na kwa sababu nazipenda kuliko zote.

Unasukuma donge unene wa milimita 3 au 4, unakata mraba wa sentimita 10, kijiko kidogo cha remonsi katikati, pembe nne unazileta katikati unazibonyeza kwa nguvu. Kwa nguvu kweli, kidole kifike chini, la sivyo zikipata moto zinafunguka zinarudi kwao. Zikishaumuka unabonyeza tena katikati unatengeneza kishimo, ndo unaweka kastadi au jemu.

Kastadi: maziwa desilita 2 na nusu, viini 2, sukari vijiko 2 vya chakula, konflawa gramu 20, vanila. Unakoroga kwenye sufuria mpaka itokote kabisa, usitoe ikianza tu kuwa nzito, iache itokote kidogo huku unakoroga, kisha ipoe na ngozi ya plastiki imeigusa juu. Iingie kwenye donge ikiwa baridi na nzito, unaichota kwa kijiko inakaa kilima. Ikiwa ya vuguvugu inaiyeyusha siagi ya chini yake na kile kitako hakipandi.

Jemu nayo iwe nzito, ile yenye sukari ya kutosha. Jemu nyepesi inachemka inaruka pembeni. Nimejaribu ya stroberi na ya rasiberi, rasiberi imeshinda kwa uchachu wake, utamu uko mwingi tayari.

Aisingi ni sukari ya unga na maji kidogo, nzito, unaichora juu zikiwa zimepoa. Wa nyumbani mtasema sukari nyingi na mtakuwa mko sahihi, ila na kahawa nyeusi isiyo na sukari kama wanavyokunywa hapa inakaa sawa.

Februari, Jumamosi

Sasa kringle yenyewe.

Nusu ya donge, kama gramu 600. Nimelisukuma liwe refu, sentimita 65 kwa 18, na hapa donge litagoma, unalivuta linarudi. Usibishane nalo, lifunike lirudi kibarazani dakika 15 likitoka huko limetulia lenyewe. Ukilazimisha unazikandamiza tabaka zote ulizozihangaikia.

Remonsi gramu 200 kwa nusu hiyo ya donge, nimepima, sio 300 kama nilivyokuwa naweka. Mstari katikati upana wa vidole vitatu, ncha zimeachwa tupu, zabibu juu yake. Upande mmoja unaukunja juu, unapaka maji kidogo ukingoni, upande wa pili unakuja unaulalia wa kwanza kama sentimita 2.

Hapo kuna mabishano: mshono ukae juu au chini. Nimeoka zote mbili. Ukikaa chini uzito wa kringle unaufunga, juu panakuwa pazuri pamoja na lozi zake, ila mvuke ukitafuta njia unatokea ubavuni na remonsi nayo inafuata. Ukikaa juu unafunguka kidogo katikati, remonsi inachungulia inapata rangi, na inabaki humo humo kwa sababu kuta mbili zimeizuia. Sura sio nzuri sana lakini mi nimechagua juu. Yule mama naye kasema wao walikuwa wanafanya juu, halafu lozi zinafunika aibu zote.

Umbo lenyewe la kringle ni lile la mikono iliyopishana, ndo alama utakayoiona inaning'inia nje ya bekari nyingi hapa Denmark, na taji juu yake. Kulipinda donge lililojazwa bila kulipasua ni shughuli, kwa hiyo lipinde likiwa kwenye karatasi ya kuokea tayari, likiwa baridi, na pinde ziwe pana. Ukiona linaanza kuchanika upande wa nje wa pinde, fanya umbo la kiatu cha farasi tu, Wadenmark wenyewe wanaoka za hivyo na hakuna anayeuliza. Wale waliohamia Marekani, mji wa Racine huko Wisconsin, wenyewe wanafanya duara la mviringo tu na wakajaza mpaka karanga za pekani, na mwaka 2013 jimbo likaitangaza kringle kuwa kitafunwa chake rasmi. Kwa hiyo umbo lisikunyime usingizi.

Kuumuka: saa 1 na robo hivi, mahali pa nyuzi 24 mpaka 26. Usiweke kwenye oveni iliyowashwa kidogo wala juu ya hita. Ikipita 28 siagi inaanza kutoa jasho, utaona donge linang'aa na karatasi chini ina doa la mafuta, na hilo halirudishiki hata ukiliweka friza. Utajua iko tayari ukitikisa treyi taratibu inacheza kidogo, na ukitazama ubavuni tabaka zinaonekana zimeachana.

Yai, lozi zilizokatwa, sukari ya punje kubwa. Nyuzi 200 dakika 12, halafu 180 dakika nyingine 15. Kringle ni nene katikati, ukibaki 200 mpaka mwisho nje inakuwa kahawia wakati chini ya remonsi bado mbichi. Kipimo changu ni kuinua upande mmoja kwa kisu kipana, chini pawe na rangi ya kahawia sawasawa mpaka katikati.

Oveni yangu inaunguza kona ya nyuma kulia, nageuza treyi nikipunguza moto.

Jumatano usiku

Ofisini Ijumaa asubuhi ni zamu yangu ya kuleta mkate. Kuna ratiba, kila wiki mtu mmoja, wengi wanapitia bekari. Swali lilikuwa nitaokaje asubuhi kabla ya kazi bila kuamka saa 8 usiku. Majibu: kringle inajazwa na kupindwa usiku, inaingia friji imefunikwa plastiki iliyopakwa mafuta kidogo, hamira gramu 15 badala ya 25. Inaumuka polepole usiku kucha. Asubuhi naitoa saa 11, inakaa nje dakika 45, oveni. Nimeifanyia jaribio leo na ladha imekuwa nzuri zaidi, ile ya kukaa muda, na iliki imesambaa vizuri. Tabaka ziko pale pale.

Ijumaa

Kringle mbili, moja ya zabibu, moja bila, kuna jamaa hataki zabibu kwenye kitu chochote. Zimefika zikiwa na vuguvugu kwenye boksi la kadibodi, sio la plastiki, plastiki inafunga mvuke na ngozi yote inalainika kabla hujafika kituo cha basi.

Mmoja wa Copenhagen kaniambia remonsi ingekuwa zaidi kidogo. Mmoja wa hapa hapa Jutland, upande huu wa Aarhus, akasema imezidi. Nimeacha wabishane. Kilichoulizwa zaidi ni ile harufu, bosi wetu kachukua kipande cha pili akasema iliki hii sio ya dukani, nikamwambia imetoka Tanga, akataka kujua kama dada anauza. Nimempigia dada mchana nikamwambia, akacheka kwanza halafu akaniuliza gramu ngapi.

Jumapili

Zilizobaki nimezikata vipande nikaziweka friza. Kuzirudisha ni oveni nyuzi 180 dakika 5 au 6 zikitoka friza moja kwa moja, mikrowevu inazigeuza kuwa kitambaa. Spandauer mbichi nazo zinakubali friza zikiwa zimekunjwa na remonsi ndani bila kastadi, unazitoa usiku unaziacha friji, asubuhi zinaumuka kwenye joto la jikoni, kastadi inaingia mwisho.

Vipimo vilivyobadilika tangu mwanzo: hamira 15 kama donge linalala, remonsi 200 kwa nusu donge, iliki nusu kijiko, mshono juu, moto 200 kisha 180. Vingine vyote kama vilivyo.

Donge la wiki ijayo nalipeleka kwenye tebirkes, zile za kukunja mara tatu na remonsi ndani, juu mbegu nyeusi za popi. Mbegu nimeshanunua.